Neno na wenzake: nilivyojenga msamiati wa Kiingereza kwa ajili ya IELTS nikiwa Uyole

Mara ya kwanza nilipofanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, nilipata bendi 5.5 kwenye kuandika, na bendi ya juu kabisa ni 9. Chuo nilichoomba kilitaka 6.5 kwa jumla, na pasiwe na sehemu hata moja iliyo chini ya 6.0. Ile 5.5 peke yake ikatosha kunikosesha nafasi, ingawa kusoma na kusikiliza nilifanya vizuri. Majibu yalinikuta nyumbani, Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, baridi ikiwa kali. Nilifungua kaunta buku langu la maneno, Kiingereza upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia, maneno zaidi ya mia nne, na nikajipima mwenyewe. Yote nilikuwa nayajua. Nikajiuliza imekuwaje.

Miezi tisa baadaye nilirudia, nikapata 7.0. Safari hiyo nilikuwa nimejifunza maneno machache kuliko yale ya kwanza, lakini kila neno nililichukua pamoja na wenzake. Mimi ni mwalimu wa Jiografia wa sekondari, sikusomea Kiingereza chuoni, na ninaamini kabisa kwamba njia hii anaiweza mtu yeyote aliyemaliza Kidato cha Nne na ana nia.

Tuangalie kwanza mtihani wenyewe unataka nini. IELTS ina sehemu nne. Kusikiliza kuna maswali 40 kwa takriban dakika 30. Kusoma kuna maswali 40 kwa saa moja. Kuandika ni saa moja kwa kazi mbili, ya kwanza isiyopungua maneno 150 na ya pili isiyopungua 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini ana kwa ana. Kwenye kuandika na kuzungumza, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne, na vyote vina uzito sawa. Maana yake robo ya alama zako za sehemu hizo inatoka kwenye maneno unayoyatumia. Na ukisoma vigezo vya bendi 7 utaona kinachotafutwa: mtu atumie maneno yasiyo ya kila siku huku akijua neno gani linakaa na neno gani, na lipi linafaa katika uandishi wa namna gani. Mimi nilisoma kipande cha kwanza tu, "maneno yasiyo ya kila siku", nikaenda kukariri "plethora" (wingi wa kupita kiasi) na ndugu zake. Insha yangu ilikuwa na "plethora" mstari wa tatu na "big rain" mstari wa tano.

Piga, na maneno mengine unayoyajua tayari

Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga chafya, na mtu akielemewa na usingizi anapiga miayo. Hakuna aliyetufundisha hayo darasani. Sasa fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili akakwambia, "Jana nimekufanyia simu mara mbili." Utamwelewa. Lakini sikio lako litashtuka, na utajua hapo hapo kwamba Kiswahili bado hakijamkaa. Sikio la mtahini linashtuka vivyo hivyo akikuta "do a mistake" au "make a research". Kwake yeye kosa ni la "make", utafiti ni wa "do" au "conduct", picha ni ya "take", kura ni ya "cast".

Kwa hiyo usione hili la maneno kuambatana kuwa ni siri ya Waingereza. Lugha yako mwenyewe imejaa jambo hilo, na hapo ndipo pa kuanzia. Mimi nilianza na neno moja la Kiswahili, neno "kubwa", na ukurasa huo mmoja ulinifundisha kuliko kaunta buku zima.

Juu ya ukurasa niliandika KUBWA. Chini yake nikaorodhesha kila kitu ninachokiita kikubwa kwa siku mbili tatu, nyumbani, shuleni, kwenye bajaji, sokoni. Kisha nikakaa na kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, ile yenye sentensi za mfano chini ya kila neno, nikatafuta Waingereza wanasemaje. Mvua kubwa ikawa "heavy rain". Tatizo kubwa ikawa "a serious problem" au "a major problem". Tofauti kubwa, hasa ukiongelea takwimu, "a marked difference" au "a significant difference". Sauti kubwa, "a loud voice". Kaka mkubwa, "an elder brother". Umati mkubwa, "a large crowd". Mahitaji makubwa ya parachichi, "high demand for avocados". Hasara kubwa, "heavy losses". Ongezeko kubwa, "a sharp increase". Matumaini makubwa, "high hopes". Kiswahili kinatumia neno moja pale Kiingereza kinapotumia karibu kumi, na mimi miaka yote nilikuwa natoa "big" moja kwa zote.

Ukimaliza ukurasa wa "kubwa", fungua wa "kali". Jua kali ni "scorching sun", dawa kali ni "strong medicine", mwalimu mkali ni "a strict teacher", kisu kikali ni "a sharp knife", njaa kali ya nchi ni "severe famine", pilipili kali ni "hot". Halafu wa "zito": ukungu mzito tunaouona hapa asubuhi ni "thick fog" au "dense fog", uji mzito ni "thick porridge", usingizi mzito ni "deep sleep", mzigo mzito ni "a heavy load", lafudhi nzito ni "a strong accent". Ukija kwenye vitenzi, "pata" ndicho kinachotuangusha wengi. Tunasema amepata ajali, basi tunaandika "he got an accident". Mwingereza anasema "had an accident". Kupata hasara ni "incur a loss" au "make a loss", kupata faida ni "make a profit", kupata nafuu ni "recover". "Toa" nacho kinataka ukurasa wake: kutoa mfano ni "give an example", kutoa ahadi ni "make a promise", kutoa taarifa ni "provide information", kutoa maoni ni "express an opinion".

Kurasa kumi na mbili za namna hii zilinitosha. Nashauri uziandike wewe mwenyewe badala ya kunakili zangu, kwa sababu nusu ya faida iko katika ule ukaaji wa kutafuta.

Maneno gani hasa

Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha ya koo 570 za maneno (ukoo ni neno pamoja na yanayozaliwa nalo) yanayojirudia sana katika maandishi ya vyuo, bila kujali somo ni sheria, sayansi au biashara. Aliyachuja kutoka kwenye mkusanyiko wa maandishi ya kitaaluma wa takriban maneno milioni tatu na nusu, akaacha nje yale maneno 2,000 hivi ya kawaida kabisa. Koo hizo peke yake zinabeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya namna hiyo. Orodha inapatikana bure kwenye intaneti, imegawanywa makundi kumi kwa kufuata wingi wa kutokea kwake, na kundi la kwanza lina maneno 60 kama "assess", "benefit", "establish", "income", "policy", "require", "significant", "vary".

Ukiiona utasema, mbona mengi nayajua? Ni kweli. Sisi tuliosoma msingi kwa Kiswahili tukaingia Kidato cha Kwanza na kukuta kila kitu kwa Kiingereza, maneno haya tulikutana nayo kwenye vitabu vya Baiolojia na Historia, tukayatambua kwa sura. Kulitambua neno na kulitumia ni mambo mawili. Nilipita orodha nzima na kalamu nyekundu kwa sharti moja: neno ambalo siwezi kulitungia sentensi tatu tofauti bila kusita, naliwekea alama. Yalibaki 260. Nikachukua maneno mawili kwa siku, siku tano za wiki. Hayo ni maneno kumi kwa wiki, wiki 26. Jumamosi na Jumapili sikugusa neno jipya.

Kila neno lichukue na ukoo wake. Hili pia tunalijua nyumbani: kutoka "lima" tunapata mkulima, kilimo, ulimaji, kulimia, kulimisha. Kiingereza nacho kutoka "produce" kinatoa "producer", "product", "production", "productive", "productivity". Usiyarundike ubaoni tu. Yatungie habari moja inayoyabeba, ya mahali unapopajua. Mimi niliandika kuhusu mpunga wa Kyela: wakulima wanazalisha nini, uzalishaji ukoje, shamba lipi lina tija. Habari ya aya moja, maneno matano ya ukoo mmoja. Wiki ijayo ukoo mwingine, chai ya Tukuyu au kahawa ya Mbozi.

Kwenye kikundi chetu cha kujisomea cha watu wanne alikuwapo mkunga mmoja aliyekuwa anajiandaa kwenda kufanya kazi nje. Neno "labour", lililo kwenye lile kundi la kwanza, kwake lilikuwa na maana moja tu, uchungu wa kuzaa. Siku tuliyosoma makala ya "labour shortages" alikwama kabisa. Tulikaa naye tukaliandika upya: "labour market" ni soko la ajira, "labour force" ni nguvukazi, "manual labour" ni kazi ya mikono, na mama aliye kwenye uchungu ni "in labour". Neno "deliver" nalo likawa hivyo hivyo, kuzalisha na kufikisha mzigo. Yeye alitufundisha sisi maana moja, sisi tukampa nyingine. Ndiyo maana nasema anza na maneno ya kazi yako, kisha ufuate yanakoelekea.

Jambo la mkazo niliseme kwa kifupi lakini usilidharau. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kiingereza kinauhamisha. "Photograph" mkazo uko mwanzo, "photographer" uko silabi ya pili, "photographic" uko ya tatu. "Increase" likiwa nomino mkazo uko mwanzo, likiwa kitenzi uko mwisho. Kila neno jipya nilikuwa nalipigia mstari kwenye silabi yenye mkazo, kisha nalisema kwa sauti mara kadhaa nikiwa natembea kwenda shule. Usipofanya hivyo unaweza kulijua neno kwa macho na likakupita kwenye sehemu ya kusikiliza.

Grafu iliyoko kati ya Uyole na Dar es Salaam

Kwa wanaofanya IELTS ya Academic, kazi ya kwanza ya kuandika ni kueleza grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua. Wanaofanya General Training wanaandika barua. Maneno ya grafu nilikuwa nimeyakariri yote, "fluctuate", "plateau", "plummet", na nilikuwa nayachanganya. Yalikaa sawa siku nilipoyachora barabarani.

Nilikuwa kwenye basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, siti ya dirishani. Nilikuwa na daftari na sikuwa na hamu ya kulala. Nikaanza kuchora barabara kama grafu, urefu wa safari chini, mwinuko wa ardhi pembeni. Ukitoka Uyole kupitia Inyala barabara inateremka hadi Igurusi. Nikaandika: "fell sharply". Kuanzia hapo Chimala hadi Igawa ni tambarare ya Usangu, basi linakwenda bila kupanda wala kushuka kwa maana. "Then it levelled off." Kutoka pale unaanza kupanda taratibu kuelekea Makambako, huoni mlima mmoja wa kutisha lakini masikio yanakuambia unapanda. "Rose gradually." Mafinga ubaridi unaingia dirishani, misitu ya Sao Hill iko pande zote, na uko juu. "Reached a peak and remained high." Kuelekea Iringa unashuka kidogo, "a slight fall", kuna kupanda na kushuka kwa hapa na pale, "fluctuated". Kisha unakuja mteremko wa Kitonga. Pale dereva anapunguza mwendo, malori yamepangana kwenye kona, na upande mmoja kuna korongo hadi Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu. Niliandika "plunged" na toka siku ile sijawahi kulitumia neno hilo kwa kushuka kwa asilimia mbili. Baada ya hapo Mikumi na Morogoro, mabadiliko madogo madogo, halafu mteremko mrefu usiouhisi mpaka baharini, "declined steadily to its lowest point".

Neno "plateau" nililihifadhi Kitulo. Anayepajua Kitulo anajua: unapanda sana, kisha ghafla hupandi tena, unaona uwanda wa nyasi na maua umelala juu kule. Mauzo yakipanda kisha yakabaki pale juu miaka mitatu, ndiyo "reached a plateau". Wewe wa Njombe au Songea una barabara yako. Ichore.

Jihadhari na vihusishi vidogo vinavyofuata maneno haya. Tuseme gunia la viazi lilikuwa shilingi 60,000, sasa ni 90,000. Kwa Kiswahili bei imepanda kwa 30,000 na imepanda hadi 90,000. Kiingereza kiko hivyo hivyo: "rose by 30,000", "rose to 90,000". Nomino ikija, ni "a rise of 30,000" na "a rise in the price". Nilikuwa naandika "raised with" kwa sababu sikuwahi kulinganisha na lugha yangu mwenyewe. Tena "raise" ni kupandisha, "rise" ni kupanda. Kiswahili kimeshakupa tofauti hiyo, wewe ni kuikumbuka tu.

Lumbesa

Jumamosi moja nilikuwa sokoni Mwanjelwa na daftari langu, najaribu kutaja kwa Kiingereza kila ninachokiona. Mama ninayenunua kwake viazi akaniuliza, "Mwalimu, leo unatukagua?" Nikamweleza ninachofanya. Akapiga kofi gunia lililokuwa pembeni yake na kusema, "Haya, na hii lumbesa kwa Kiingereza ni nini?"

Sikuwa na jibu. Kamusi nayo haikuwa nalo, kwa sababu huko kwao hakuna lumbesa. Nikakaa kwenye ndoo aliyonipa, nikaandika: "a sack filled far beyond its proper measure". Nikamsomea, nikamfasiria. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Umesahau kamba za juu, Mwalimu. Mdomo haufungi, ndiyo maana wanashona kamba kama wavu. Bila hiyo ni gunia tu limejaa." Nikaongeza: "with a dome of potatoes on top, held in place by string netting sewn across the open mouth". Kisha nikaongeza sababu ya watu kuilalamikia: "Farmers lose out because buyers pay by the sack rather than by the kilo."

Kazi ile ya dakika kumi ilikuwa na maneno niliyoyatumia kwenye chumba cha mtihani miezi mitatu baadaye: "measure", "held in place", "lose out", "rather than by the kilo". Zaidi ya hapo ilinifundisha ujuzi ambao mtahini wa kuzungumza anaupima waziwazi, kueleza kitu ambacho huna neno lake bila kunyamaza wala kurudi kwenye Kiswahili. Mfumo wake ni rahisi. Sema kwanza ni aina ya kitu gani, kisha kinafanana na nini, kinatumiwa na nani, kwa kazi gani. Fanya kwa kijumbe cha kina mama, kwa kibarua wa siku, kwa mgao wa maji, kwa kanga na methali yake, kwa matanga. Fanya kimoja kila Jumamosi, na umsomee mtu anayekijua kitu hicho, hata kama Kiingereza hakijui. Atakuambia ulichosahau.

Kuna na maneno tunayodhani ni ya Waingereza kumbe tumeyafanya yetu. Ukimwambia mtahini ulikula "at a hotel" ataelewa ulikwenda mahali pa kulala wageni, kwa hiyo sema "a small restaurant". "Send-off" ya bibi harusi ieleze, "a farewell party the bride's family holds before the wedding". Hakuna aibu kuyatumia ukiyafafanua.

Kuyashika yasitoroke

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima anasahau kiasi gani na kwa kasi gani. Usahaulifu mwingi hutokea mapema, saa na siku za mwanzo, kisha hupungua kasi. Mwandishi mwingine, Sebastian Leitner, mwaka 1972 akaeleza njia ya kadi na visanduku. Mimi nilitumia makopo matatu ya maziwa ya unga na manila niliyokata vipande. Upande mmoja sentensi ya Kiswahili, upande wa pili sentensi nzima ya Kiingereza. Usiandike neno peke yake. Kopo la kwanza kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu kila Jumapili. Ukipatia, kadi inasonga kopo la mbele. Ukikosea, inarudi la kwanza hata kama ilikuwa ya tatu. Zipo programu za simu zinazofanya hivi pia. Chagua inayokufanya uendelee.

Kusoma, chukua makala moja kwa wiki na uisome mara tatu, badala ya makala saba mara moja moja. Mimi nilipenda kurasa za biashara za The Citizen na Daily News kwa sababu habari naijua, hivyo akili inabaki na nafasi ya kuangalia lugha. Mara ya kwanza soma habari. Mara ya pili pigia mstari jozi za maneno, siyo maneno mageni. Mara ya tatu funika makala na uandike sentensi tano kutoka kichwani, kisha linganisha. Sehemu ya kusoma ya IELTS mara nyingi hairudii neno la makala kwenye swali: makala itasema "dwindled", swali litasema "decreased in number". Kwa hiyo ile sentensi uliyoiandika, iandike tena kwa namna ya pili. Ila visawe vina tabaka zake. "Kids" ni ya kuzungumza, "children" ni ya kuandika, na "offspring" inawahusu wanyama kuliko wanafunzi wangu.

Kuhusu zile insha za kukariri zinazouzwa kwa nakala, naomba tu uziache. Watahini wanazitambua, na sentensi moja nzito katikati ya sentensi zako za kawaida inajionyesha kama kiraka.

Watu wanne, Jumamosi saa tisa

Tulikutana Ilomba nyumbani kwa mwenzangu: mimi, yule mkunga, kijana wa utafiti wa kilimo na binti aliyekuwa anaomba shahada ya pili. Kila mtu alikuja na sentensi tatu zenye maneno yake ya wiki hiyo. Alizisoma, wengine wakauliza swali moja tu: Mwingereza anasema hivyo, au sisi ndio tunasema hivyo? Penye ubishi tukafungua kamusi. Saa moja na nusu, chai na magimbi, basi. Baada ya hapo kila mmoja alipewa mada na dakika moja ya kujiandaa, kisha azungumze dakika mbili bila kukatizwa, kama ilivyo sehemu ya pili ya kuzungumza. Siku niliyopewa "mahali pazuri karibu na kwenu" nilieleza Ziwa Ngosi, na nilikwama kwenye ule msitu na mianzi. Kadi ya "dense forest" na "bamboo" ikazaliwa jioni hiyo.

Ada ya mtihani ni kubwa na majibu yanatumika miaka miwili tu, kwa hiyo usilipie tarehe kabla hujajipima. Kipimo changu kilikuwa insha ya maneno 250 kwa dakika 40, niliyompa mwalimu wa Kiingereza azungushie duara kila jozi ya maneno isiyokaa sawa. Mwezi wa kwanza duara 19. Mwezi wa saba duara nne. Hapo ndipo nilipolipia.

Wiki ya mwisho usiongeze neno jipya. Pitia kopo la tatu tu. Ukisafiri kutoka huku, fika Dar es Salaam siku moja kabla, kwa sababu joto la kule peke yake linamchosha mtu wa Mbeya. Na njiani, ukishapita Mafinga, toa daftari. Kitonga inakuja.